Moyo 172 ku Daraja ya Lukuga

Siku ya kwanza nilivaa ile saa, iliniambia niko karibu kufa. Siku ya pili ikasema nilishakufa, ni mimi tu sijapata habari.

Ni saa ya mukono ya kisasa, nyeusi, na kioo sawa telefone ndogo. Chini yake kuko taa ya kijani yenye kuangalia damu kupitia ngozi. Mutoto wangu Ornella aliituma toka Lubumbashi, na kabarua ndani: "Papa, itakuhesabia kilometa, itakuhesabia na moyo." Nilifurahi kwa kilometa. Moyo, nilizani ni ya kuongeza tu, kama pilipili pembeni ya sahani.

Kumbe moyo njo ilikuwa kesi yenyewe.

Niko na miaka makumi tano na mbili. Mchana niko mu biro ya gare, mimi njo ninatangazaka treni. Jioni, na siku ya Mungu kisha misa, niko beki wa kushoto wa veterani wa Kalemie. Kila mwaka tunacheza na veterani wa Nyunzu. Mwaka jana, zikibaki dakika kumi mechi iishe, fundi cherehani mumoja wa kule, anaitwa Gérard, upara mbele na kitumbo chini yake, alikuja na mupira mpaka mbele yangu. Akasimama. Akanichekea. Akapitisha mupira katikati ya miguu yangu, akanizunguka kuufuata kwa nyuma, akafunga. Moja kwa sufuri.

Tangu ile siku, muji muzima unaniita Mulango. "Jambo Papa Mulango." "Mulango, leo uko wazi?" Hata padri, siku moja akinipa mukono wa amani, nilimuona anauma midomo ili asicheke.

Mwaka muzima nilingoja Gérard arudi. Sasa alikuwa anarudi, siku ya Mungu, na treni.

Lakini ku ile mechi ya mwaka jana kulipita tena kitu kingine: golikipa wetu, Papa Christophe, alianguka juu ya presha. Hakufa. Leo anakula kuliko zamani. Ila Mama Pascaline, infirmière, muuguzi wa ekipe, alishikwa na woga, na Mama Pascaline akishikwa na woga, anaandika sheria. Mwaka huu aliandika hii: kila mwenye kupita miaka makumi tano akimbie kilometa tano bila kusimama, isipite dakika makumi ine, na moyo isipite 155. Na hiyo namba anataka kuiona ku mashini.

"Mama, si utupime tu na vidole, kisha mbio?" nikamuuliza.

"Kisha mbio mumeshapumua, moyo inajifanya mutakatifu. Mimi nataka kuiona wakati iko mu zambi."

Mashini ilikuwa moja mu ekipe nzima: saa yangu. Nikawaazima wengine wapite kwanza. Wa kwanza alikuwa Papa Édouard, mwenye kungojea fasi yangu ya beki tangu miaka tatu. Édouard ni muntu munene, mpaka vidole vyake viko na shavu. Alizunguka kiwanja asubuhi peke yake, akarudi na namba: kilometa tano, dakika makumi tatu na tisa, moyo 141.

Nikajisemea: kama lile tumbo ni 141, mimi mwembamba kama reli nitakuwa 120.

Siku ya Pili ya juma, saa kumi na mbili ya asubuhi, nikatoka gare. Njia yangu ni ile ya miaka yote: gare, barabara ya Lumumba, daraja ya Lukuga, na kurudi. Kilometa tano kamili. Muji muzima unajua ni tano, juu mimi njo nilikuwa ninawaambia.

Saa niliivaa vile baba yangu alikuwa anavaa yake, marehemu, muntu wa treni: inalegea, inashuka mpaka ku kiganja, inacheza. Saa ikibana, ni sawa umefungwa pingu. Na niliivaa ku mukono wa kuume, ili muntu nikimusalimia aione. Sasa mutoto akutumie saa toka Lubumbashi, uifiche?

Na kusalimia kulikuwa mingi. Hapa kwetu huwezi kupita muntu mukubwa na kumupungia mukono sawa unafukuza inzi. Unasimama, unamupa mukono wa kuume, na ule wa kushoto unakuja kushika wa kuume karibu na kiganja. Baba alitufundisha vile: mukono moja ni ya wenzako, mikono mbili ni ya wakubwa. Nikasalimia muzee wa parokia na muke wake. Nikasalimia Mama Yvette, mukubwa wa muke wangu mu kwaya, akiwa anakaanga mandazi yake. Nikasalimia papa wawili wa port na mama mumoja mwenye sikumujua, lakini alikuwa na mvi.

Nikarudi gare nikitoka jasho ya heshima. Mama Pascaline alikuwa anangoja, telefone yangu mu mukono, juu saa inatumaka kila kitu ndani ya telefone. Akaangalia. Akaniangalia. Akaangalia tena.

"Papa Alphonse. Kilometa moja na mita mia saba."

"Haiwezekani."

"Dakika kumi na ine. Moyo, 172."

Édouard alikuwa amekaa pale ku ngazi ya gare. Akasema pole-pole: "172? Hiyo njo moyo ya muntu anapandisha frigo mu ngazi."

"Nilikuona unatoka saa kumi na mbili," Mama Pascaline akasema. "Sasa ni kumi na mbili na dakika makumi ine na tatu. Saa inasema ulikimbia kumi na ine. Zingine ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakimbia!"

"Papa, kaa chini kwanza. Maji iko hapa."

Muntu akikuambia kaa chini kwanza, unajisikia mugonjwa hata kama hauko. Nikakaa. Na kweli nikaanza kusikia moyo inapiga mu masikio.

Habari ilifika ku nyumba mbele yangu. Muke wangu Séraphine alikuwa amesimama mu mulango, mikono ku kiuno.

"Papa Ornella, lete telefone."

Nikamupa. Ile telefone inachoraka njia yenye ulipita, kamusitari kekundu juu ya karata, ramani ya muji. Kamusitari kangu kalitoka gare muzuri, kakaenda kidogo, kakakatika. Kakaanza tena mbele, kakakatika tena.

"Hapa ni wapi?" Séraphine akauliza, kidole juu ya kioo.

"Hapo... ni karibu na kwa Mama Yvette."

"Na mbona unapotelea kwa Yvette?"

"Sikupotea! Nilimusalimia, nikaendelea."

"Ulimusalimia, ukapotea, ukaonekana tena ku daraja. Dakika kumi na moja. Yvette alikaanga mandazi ngapi mu hiyo dakika kumi na moja?"

Alikuwa anacheka kidogo, lakini kwa jicho moja tu. Miaka makumi mbili na sita ya ndoa, ninajua lile jicho lingine.

Siku ya Ine nikarudilia. Niliongeza heshima, ili nipate na baraka ya wakubwa. Moyo ikaenda 174. Kilometa, moja tu, bila hata mita juu yake. Mama Pascaline akachukua kitabu chake, akaandika jina ya Édouard ku fasi ya beki wa kushoto. Ya kwangu akaiweka chini, na kalamu ya risasi.

"Mbona ya kwangu unaiandika na kalamu ya risasi?" nikauliza.

"Inafutika, Papa. Iko na siku ya Posho moja tu. Usipoleta namba muzuri siku ya Posho, utakuja na shemizi ya kukaa, uangalie mechi tu."

Mechi yenyewe ilikuwa kesho ya ile Posho, siku ya Mungu. Nikalala vibaya, niseme ukweli. Haikuwa mambo ya mupira tu. Muntu akiambiwa mara mbili moyo yake iko inapasuka, anaanza kuangalia watoto wake sawa vile anawaaga.

Siku ya Tano Édouard alikuja ku biro kunirudishia saa. Alikuwa ameiomba tena, eti kujaribu tu, lakini ninajua alitaka kupiga nayo picha. Akaitoa ku mukono mbele yangu, na mimi, macho yangu haina kazi ingine, nikaona: saa ilikuwa imeacha alama mu nyama yake, pande zote, kama kamba ku mandazi. Ile taa ya kijani ilikuwa imelala juu ya ngozi, haina fasi hata ya kupitisha karatasi.

Ku mukono wangu ilikuwa inacheza. Tap, tap, tap, ku kila hatua.

Nikaiangalia ile saa. Nikaangalia viatu vyangu.

"Édouard, kaa hapo, unihesabie dakika."

"Unaenda wapi?"

"Siendi fasi."

Nikakimbia ndani ya biro, fasi moja, vile ninakimbiaka ku barabara, na nikahesabu muguu wa kuume peke yake. Mukubwa wa biro akafungua mulango, akaniona, akaufunga pole-pole. Dakika ikaisha: makumi nane na sita. Miguu ni mbili. Makumi nane na sita mara mbili ni 172.

Nikaketi chini, nikacheka mpaka machozi.

"Édouard! Hii saa haihesabu moyo yangu. Inahesabu miguu! Vile inaruka ku mukono, taa inaona kupigwa-pigwa, inazani ni damu!"

Muntu muzuri, Édouard, hata kama anataka fasi yako. "Basi ibane," akasema. "Na uipandishe, hapo unavaa juu ya mufupa. Vidole viwili mbele ya mufupa, pale kuko nyama." Akaangalia mukono wangu. "Pale watu wengine wanakuwaka na nyama."

Moyo ilipata jibu. Lakini kilometa? Na kwa Yvette?

Hiyo aliivumbua Séraphine. Jioni ile pasteri wa jirani alipita kutujulisha ndoa ya mutoto wake. Mimi nilikuwa ninajaribu saa, nilikuwa nimeiwasha sawa niko mu mbio, bado ku mukono wa kuume. Nikasimama kumusalimia pasteri, mikono mbili. Saa ikalia: ti!

Pasteri akaketi, akaongea, akasimama kuenda. Mikono mbili tena. Ti!

Séraphine akaweka sahani chini. "Papa Ornella. Nisalimie."

"Nini?"

"Nisalimie mimi, sawa niko Mama Yvette."

Nikamupa mukono kwa heshima. Ti! Akageuza mukono wangu, akaonyesha: pembeni ya saa kuko kabutoni. Kila mara mukono wangu wa kushoto ulikuja kushika wa kuume, kidole gumba kilikuwa kinakafinya. Na kale kabutoni njo kanasimamishaka hesabu, na kuiamusha tena. Unamusalimia muzee wa kwanza, saa inalala. Unamusalimia wa pili, inaamuka. Wa tatu, inalala tena.

"Kwa hiyo kwa Yvette..." nikaanza.

"Kwa Yvette ulikuwa na adabu," akasema, na macho yote mbili yakacheka. "Mungu ni mukubwa."

Basi kesho ni kuihamisha ku mukono wa kushoto, kuibana, kuipandisha vidole viwili, na kusimama kwanza fasi ya wazi mpaka ishike kule juu satelite yake yenye kuihesabia njia. Yote hiyo ni nyepesi. Kilichobaki kilikuwa kizito: sheria ya Pascaline inasema bila kusimama. Na barabara nzima ya Lumumba ilikuwa inangoja mukono wangu. Nipite tu? Kufika saa tatu ya asubuhi muji ungesema: "Ule wa gare, tangu avae saa ya Lubumbashi, hasalimie tena watu."

Séraphine akafikiri akiosha sahani. "Utawasalimia kupitia mimi," akasema.

Siku ya Posho, saa kumi na mbili, nilisimama mbele ya gare, saa imenibana sawa deni—hapana, sawa mama mukwe. Mbele yangu Séraphine alikuwa amekaa nyuma ya moto, pikipiki ya kubeba watu, amejifunga pagne ya siku kubwa, na motard aliambiwa aende pole-pole. Wakatoka. Nikawafuata.

Toka nyuma nilikuwa ninamusikia: "Bonjour Papa! Bwana yangu anakuja nyuma, anakimbia mambo ya moyo, hawezi kusimama, anakusalimia na mikono mbili! Bonjour Mama! Habari ya watoto? Muzuri? Anakuja nyuma, anakusalimia! Yvette! Leo hapotee!"

"Apite tu, nimemuona!" Mama Yvette akajibu, kijiko juu.

Nikipita, watu walikuwa wananipigia makofi. Muzee wa parokia alitoa kofia. Pale maji ya ziwa ilikula lami, njia ikabaki nyembamba, vijana wa moto walisimama kunipisha kama niko gavana. Nikaangalia saa: 138. Nikafika daraja: 143. Nikacheka peke yangu juu ya maji ya Lukuga. Moyo yangu, ile ya kweli, ilikuwa muzima tu miaka hii yote, ni sisi tulikuwa tunaisingizia.

Nikarudi gare, dakika makumi tatu na tatu. Mama Pascaline pale, Édouard pale, Séraphine ameshuka ku moto. Nikainua mikono.

"Usisimame!" Pascaline akapiga kelele. "Saa inasema ngapi?"

Nikaangalia. Kilometa ine na mita mia ine.

"Lakini ni tano! Toka zamani ni tano!"

"Toka zamani ulikuwa unatudanganya! Mita mia sita, Papa, endelea!"

Saa yenye kusema kweli haichagui mahali pa kusema. Nikaendelea, upande wa port. Motard alikuwa amekwisha kuzima moto yake, Séraphine akaanza kumupiga mugongo awashe. Ule upande hakuna muntu alikuwa ameambiwa kitu.

Na nani alikuwa anakuja mbele yangu, koti, kofia, fimbo? Muzee Anatole. Mwalimu wangu wa mwaka wa tatu wa shule ya musingi, miaka makumi saba na tisa, muntu mwenye alinifundisha kushika kalamu. Akaniona toka mbali, akasimama katikati ya njia, akatoa mukono.

Saa ilikuwa inasema ine na mita mia saba. Dakika makumi tatu na tano.

Ningepita muntu yeyote. Hata padri ningempita, ningeungama kisha. Lakini Mwalimu?

Nikamushika ule mukono, na sikusimama. Nikaanza kurukaruka palepale mbele yake.

"Alphonse, unakimbia nani?"

"Pascaline, Mwalimu! Hairuhusiwi kusimama! Mita mia tatu tu!"

Akaniangalia, sawa vile alikuwa anaangalia mutoto mwenye kukosa jibu lakini ameonyesha kazi. Akaweka fimbo chini ya kwapa. "Basi twende," akasema. "Lakini usiniachilie mukono, hiyo ni kukosa adabu."

Tukaenda. Yeye akitembea haraka na koti, mimi nikikimbia upande-upande sawa kaa, mukono wa kuume mu mukono wake, na wa kushoto juu, kwa heshima. Saa iko ku wa kushoto, hakuna kidole chenye kuifinya. Watu wa port waliacha mizigo. Mama mumoja akauliza: "Wanaenda kuoana?" Muzee akamujibu bila kugeuka: "Tunaenda kufaulu!"

Nyuma yetu moto ikaja, Séraphine juu yake, Mama Pascaline na Édouard wakikimbia kwa miguu. Ine na mia nane. Ine na mia tisa. Muzee alikuwa anapumua sawa treni ikipanda, lakini mukono wake haukulegea. Dakika makumi tatu na tisa.

Ti-ti-ti! Saa ikatikisika: tano.

Pascaline akashika mukono wangu wa kushoto, akasoma kwa sauti ili muji usikie. "Kilometa tano. Dakika makumi tatu na tisa na nusu. Moyo, juu kabisa..." Akaangalia watu wote kwanza, yule mama anapenda tamasha. "149."

Akatoa kitabu. Akatafuta gomu ya kufutia, akakosa, akalamba kidole, akafuta jina yangu kule chini, akaiandika na wino ku fasi ya beki, mbele ya ile ya Édouard.

"Na yangu?" Muzee Anatole akauliza. "Si na mimi nilikimbia?"

Siku ya Mungu treni ya Nyunzu iliingia, mimi njo niliitangaza, na sauti yangu ilikuwa muzuri kuliko siku zote. Gérard alishuka na mufuko, akaniona ku dirisha ya biro. "Mulango! Uko wazi?"

"Njoo uangalie," nikamujibu.

Akakuja kuangalia mu dakika ya makumi sita na tano. Mupira ku muguu, upara unangaa, kile kicheko chake. Mwaka muzima nilikuwa nimecheza ile dakika mu kichwa. Nikafunga magoti, pa! Mupira ukapiga goti, ukatoka inje ya kiwanja, na mimi nikaanguka na makalio. Muji muzima ukasimama: "Mulango imefungwa!" Gérard mwenyewe alinipa mukono kuniinua, na alicheka muzuri.

Mechi iliisha sufuri kwa sufuri. Édouard aliingia ku fasi yangu dakika kumi za mwisho, akapitisha upande wake watu wawili, tukapona juu mupira ulipiga muti ya goli.

Saa sikuivaa ile siku. Nilikuwa nimemufungia Muzee Anatole, ku mukono wa kushoto, ikibana, vidole viwili mbele ya mufupa. Alikaa ku kiti mbele ya wote, koti yake, fimbo yake. Na wakati Gérard alinijia na ule mupira, katikati ya kelele yote, nilisikia sauti ya mwalimu wangu toka pembeni:

"Alphonse! Funga miguu! Mimi nimekaa tu, na niko 126!"